Alichokiona na Alichokisikia Prospero Alpini Nchini Misri

Mwaka 1592 kilichapishwa mjini Venice kitabu cha Kilatini kiitwacho De Plantis Aegypti, yaani Kuhusu Mimea ya Misri. Miongoni mwa michoro yake umo mmoja wa tawi lenye majani matupu, bila ua wala tunda. Mtu aliyekulia kwenye mashamba ya kahawa angeutazama mara mbili kabla ya kukubali kwamba ni mbuni. Hata hivyo huo ndio mchoro wa kwanza wa mmea wa kahawa kuchapishwa Ulaya, na mwandishi wake, tabibu Prospero Alpini, alieleza bayana alikoutoa: mti huo aliuona Kairo, katika bustani ya Mturuki mmoja mwenye cheo ambaye jina lake alilinakili kama Halybei, na akaelezwa kwamba mbegu zake ni bon na kinywaji kinachopikwa kutokana nazo ni caova. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa maneno hayo. Sisi pia mti tunauita mbuni, mbegu zake buni, na kinywaji chake kahawa, kwa kuwa tumeyachota maneno hayo kwenye kisima kile kile cha Kiarabu alichokunywea Alpini.

Nimeanza na tawi hilo kwa sababu limebeba hoja yangu yote. Wanaoandika historia ya sayansi humsifu Alpini kwa jicho lake: kwamba alikuwa miongoni mwa Wazungu wa kwanza walioacha kusoma mimea ya Mashariki katika maandiko ya kale wakaenda kuitazama mahali inapoota. Sifa hiyo ni ya haki, lakini ni nusu ya habari. Mchoro wa lile tawi ulikuwa dhaifu. Lililoupa thamani ni maelezo yaliyoandamana nao, ya jina la mbegu, ya namna zinavyopikwa na ya maradhi zinayoaminiwa kutibu, na maelezo hayo hayakutoka machoni mwa Alpini. Aliyapokea kwa masikio, kutoka kwa watu wa Kairo. Kwa hiyo safari yake iliibadili sayansi ya Ulaya kwa njia mbili kwa pamoja: iliupa uzito ushahidi wa aliyeona, na ikaingiza katika vitabu vya Kilatini maarifa ya wakulima, wachuuzi na waganga ambao wengi wao hawakutajwa majina.

Ili kuupima uzito wa jambo hilo, inafaa kukumbuka hali ya elimu ya mimea Ulaya wakati huo. Alpini alizaliwa mwaka 1553 huko Marostica, katika himaya ya Jamhuri ya Venice, akasomea utabibu katika Chuo Kikuu cha Padua. Tabibu wa zama hizo alitibu hasa kwa mimea, na mimea aliisoma kwa Dioscorides, Mgiriki wa karne ya kwanza aliyeeleza mamia ya dawa za nchi zinazoizunguka bahari ya Mediterania upande wa mashariki. Maandiko yake yalikuwa yamenakiliwa kwa mkono kwa zaidi ya miaka 1,400, yakihama kutoka lugha hadi lugha, na mmea alioueleza kwa mistari mitatu ungeweza kudhaniwa kuwa mimea mitano tofauti ya vilima vya Italia. Mwaka 1492 msomi Niccolò Leoniceno wa Ferrara alikuwa amewashtua wenzake kwa kitabu kilichoorodhesha makosa ya Plinio, mwandishi mwingine wa kale aliyetegemewa mno. Hatari haikuwa ya kitaaluma pekee. Muuza dawa aliyeuza mzizi usio wenyewe, kwa kutojua au kwa hila, angeweza kumuua mgonjwa.

Ndiyo maana Baraza la Seneti la Venice liliamuru mwaka 1545 ianzishwe bustani ya mimea ya dawa mjini Padua, ili wanafunzi wa utabibu waonyeshwe mmea wenyewe wakati mwalimu anapoutaja. Bustani hiyo ipo hadi leo mahali pale pale ilipoanzishwa, na UNESCO iliitambua kuwa urithi wa dunia mwaka 1997. Wizi wa mimea ulikuwa mkubwa kiasi kwamba katika miaka yake ya mwanzo ilibidi izungushiwe ukuta wa mviringo. Hata hivyo bustani haiwezi kuonyesha mmea ambao hakuna aliyeuleta, na hapo ndipo msafiri alipohitajika.

Nafasi ya Alpini ilikuja mwaka 1580, alipochukuliwa kuwa tabibu wa Giorgio Emo, konsuli wa Venice mjini Kairo. Misri ilikuwa chini ya dola ya Waturuki tangu 1517, na Venice ilikuwa na konsuli huko kwa sababu moja kubwa, nayo ni biashara: viungo, dawa na manukato ya Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi yalipitia Kairo na Iskandaria kabla ya kufika Ulaya. Alpini aliishi katika njia hiyo ya bidhaa kwa takribani miaka mitatu. Wajibu wake ulikuwa kumtibu konsuli na watu wake. Muda uliobaki aliutumia bustanini, sokoni na majumbani mwa waganga.

Katika yote aliyoyaandika, linalonivutia zaidi ni habari ya mtende. Alpini alieleza kwamba mtende jike hauzai mpaka matawi ya dume na ya jike yachanganywe, au, kama wenyeji walivyozoea kufanya, mpaka unga wa maua dume unyunyizwe juu ya maua jike. Kazi hiyo haijabadilika sana hadi leo, kutoka mabonde ya Misri hadi mashamba ya Oman. Mpanzi hulivizia karara la mtende dume linapoanza kupasuka, kwa maana likichelewa unga hupeperuka bure. Hulikata, huchambua vishada vyake vyeupe, kisha hupanda mtende jike na kuvichomeka vichache katikati ya shada la maua lililofunguka, mara nyingi akivielekeza chini ili unga udondoke taratibu. Mtende dume mmoja hutosheleza mitende jike kwa makumi. Wakulima walilijua jambo hili maelfu ya miaka kabla ya Alpini, na hata Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle, alikwisha kuliandika.

Sasa mtu atauliza: kama Theophrastus alikwisha kuliandika, Alpini aliongeza nini? Swali ni la haki, na jibu lake linahitaji uangalifu. Wasomi wa Ulaya waliposoma kuhusu mmea dume na mmea jike, kwa kawaida walielewa kuwa ni namna ya kusema tu. Katika vitabu vyao vya dawa, mmea wenye nguvu uliitwa dume na ule dhaifu ukaitwa jike, bila uhusiano wowote na uzazi. Mwaka 1583, Alpini akiwa bado katika zama za safari yake, Andrea Cesalpino alichapisha kazi kubwa kuhusu mimea iliyopanga aina zake kwa mbegu na matunda kwa ustadi ambao haukuwahi kuonekana, lakini hakukubali kwamba mimea ina jinsia kama ya wanyama. Habari ya mtende ilikaa vitabuni kama ajabu ya nchi za mbali. Alpini aliitoa katika ajabu akaifanya kazi ya shambani yenye hatua, sababu na matokeo, ikishuhudiwa na mtu aliyesoma Padua na aliyekuja baadaye kufundisha huko. Ilipita karne moja kabla ya Rudolf Jakob Camerarius, wa Tübingen nchini Ujerumani, kutoa uthibitisho kwa majaribio mwaka 1694: aliondoa maua dume ya mbarika, akapata vitunda visivyo na mbegu hai. Sidai kwamba Camerarius alimtegemea Alpini peke yake. Ninachosema ni kwamba swali aliloliuliza kwa majaribio yake lilikuwa limekwisha kujibiwa juu ya mitende ya mto Nile na watu waliolipwa kwa kazi hiyo, na Alpini ni mmoja wa waliolivusha jibu hilo hadi lugha ambayo wasomi wa Ulaya waliisikiliza.

Na hapa niseme neno kuhusu lugha, kwa kuwa ndilo lililonifanya niandike. Alpini hakuipa mimea ya Misri majina mapya ya Kilatini kwa pupa. Mara nyingi aliandika jina kama alivyolisikia, kwa tahajia ya Mwitaliano: lablab, sesban, melochia. Carl Linnaeus wa Uswidi alipopanga mimea ya dunia katika kitabu chake cha mwaka 1753, alimnukuu Alpini, na majina hayo yakaingia katika mfumo wa sayansi unaotumika hadi sasa. Lablab ni fiwi zetu, zile ambazo mama wa Kikikuyu huziita njahi. Sesban ni mti ambao wafugaji wengi wa Afrika Mashariki huupanda kwa ajili ya malisho. Melochia ni mboga inayoteleza, mlenda, ambayo Wamisri huila hadi leo kwa jina la mulukhiya. Hata hivyo, katika kupanga kwake Linnaeus aliuhamishia jina hilo mmea mwingine kabisa, naye mlenda wa Alpini akauweka chini ya jina la Corchorus. Jina lilinusurika, mwenye jina akapotezwa njiani.

Mfano wa mbuyu ni mzito zaidi. Alpini hakuwahi kuuona mti huo, kwa kuwa hauoti Kairo. Alichokiona ni tunda, lililoletwa na wafanyabiashara kutoka nchi za kusini ambazo yeye na wenzake waliziita Ethiopia kwa ujumla wake. Aliandika jina la tunda hilo kuwa bahobab, akaeleza umbo lake, mbegu zake ngumu nyeusi, na nyama yake yenye uchachu ambayo watu wa Kairo waliitumia kutuliza joto la homa, ikifika kwao mara nyingi ikiwa imekauka na kuwa unga. Sina shaka na alichokishika mkononi. Yeyote aliyewahi kuligonga buyu kwenye jiwe anaijua ile sauti ya kuvunjika kwake, ngozi ya kijani iliyovaa manyoya mafupi kama mahameli, na ndani yake ubuyu mweupe uliojipanga kati ya nyuzi nyekundu, mkavu kama chokaa lakini ukiuweka mdomoni mate yanajaa. Mtoto wa pwani yetu anaumung'unya hadi abaki na kokwa nyeusi. Mtu wa Kairo wa mwaka 1581 aliukoroga na maji akampa mgonjwa wa homa. Ni ubuyu ule ule, na kwa Ulaya hayo yalikuwa maelezo ya kwanza ya kitaalamu kuchapishwa kuhusu tunda hilo.

Hapo uzuri na udhaifu wa mbinu ya Alpini vinaonekana pamoja. Kwa kuwa alimsikiliza muuzaji, aliweza kueleza matumizi ambayo mtu mwenye jicho pekee asingeyajua kamwe. Kwa kuwa hakuufuata mti ulikoota, hakuweza kusema lolote kuhusu shina lake kubwa, maua yake yanayofunguka usiku au umri wake. Soko lilimpa tunda, msitu haukumfikia.

Kuhusu zeri, yaani utomvu wa mti wenye harufu nzuri uliotumiwa kuwa dawa, nitasema kwa ufupi, ingawa kwa watu wa zama zake hilo ndilo lililokuwa jambo kubwa kuliko kahawa na mbuyu. Zeri halisi ilihitajika katika teriaka, dawa ya mchanganyiko wa viungo zaidi ya 60 iliyoaminiwa kushinda kila sumu na ambayo Venice ilisifika kwa kuitengeneza hadharani. Tangu zama za kati iliaminika kwamba zeri hutoka katika bustani ya Matariya, karibu na Kairo, na wauza dawa wa Ulaya walibishana bila kikomo kuhusu ipi ni ya kweli. Alpini alichapisha mwaka 1591 kitabu kizima juu ya suala hilo, naye akakiandika kwa njia ya mazungumzo kati yake, Mmisri mmoja na Myahudi mmoja, akifikia hitimisho kwamba asili ya mmea huo ni Uarabuni. Katika kitabu cha kitaaluma cha Kilatini, mwanachuo wa Padua ameketi na watu wawili wa Kairo, na anahitaji wanachokijua. Sijui mfano mwingi wa namna hiyo katika vitabu vya wakati ule.

Lakini tusimpambe Alpini kuliko alivyokuwa. Mwaka huo huo wa 1591 alitoa De Medicina Aegyptiorum, kitabu kuhusu utabibu wa Wamisri, ambacho kwa wengi ndicho uchunguzi wa kwanza mpana wa Mzungu kuhusu tiba ya watu wasio wa Ulaya. Kimejaa habari za thamani: jinsi walivyoumika na kuchoma ngozi kwa moto, jinsi walivyotumia mabafu ya mvuke, walivyotumia afyuni. Lakini mazungumzo ya kitabu hicho ni kati ya Alpini na Melchiorre Guilandino, msimamizi wa bustani ya Padua; Wamisri wenyewe wanajadiliwa, hawajadili. Alpini aliwaona waganga wengi wa Kairo kuwa watu wa mazoea wasiosoma maandiko ya kale ipasavyo, huku akiyasifu baadhi ya mazoea hayo kuwa yanaponya. Aliyekuwa na cheo, kama Halybei mwenye bustani, jina lake liliandikwa. Aliyepanda mtende na kunyunyiza unga hakuandikwa, wala aliyemwambia kwamba tunda lile linaitwa bahobab.

Mtu anaweza kunijibu kwamba ndivyo ulivyokuwa uandishi wa zama hizo, na kwamba kumdai msomi wa karne ya 16 adabu za kunukuu za leo ni kumwonea. Nakubali nusu ya jibu hilo. Hata hivyo zama hizo hizo walikuwepo walioandika kwa namna nyingine. Garcia de Orta, tabibu Mreno aliyeishi Goa na kuchapisha huko kitabu chake cha dawa za India mwaka 1563, aliwataja waganga Waislamu na Wahindi kama watu wa kubishana nao na hata wa kusahihishwa nao. Uchaguzi ulikuwepo. Alpini aliufanya upande mmoja katika kitabu cha zeri, na upande wa pili katika kitabu cha utabibu, na sayansi ya Ulaya iliyomfuata ilijifunza zaidi kutoka upande ule wa pili.

Alirudi Italia mwaka 1584. Kwa muda alikuwa tabibu wa amiri Giovanni Andrea Doria huko Genoa, kisha mwaka 1594 akateuliwa kufundisha mimea ya dawa Padua, miaka ambayo Galileo naye alikuwa akifundisha hisabati katika chuo hicho hicho. Mwaka 1603 alikabidhiwa bustani, akaisimamia karibu hadi kifo chake mwaka 1617. Wanafunzi walikuja Padua kutoka Ujerumani, Uingereza, Uholanzi na Poland, na waliporudi kwao walibeba tabia ya kuuliza mmea umeonwa wapi na nani. Kwangu hapo ndipo athari ya safari ile ilipokuwa kubwa kuliko katika mmea wowote mmoja. Ushahidi wake uko kwa Johann Vesling, Mjerumani aliyekwenda Misri naye akaishi huko, kisha mwaka 1638 akachapisha Padua maoni na masahihisho juu ya kitabu cha Alpini, mwaka ule ule alioichukua bustani. Vesling hakubishana na Alpini kwa kumnukuu Dioscorides. Alibishana naye kwa sababu yeye pia alikuwa ameiona mimea hiyo.

Linnaeus alihifadhi jina la Alpini kwa kulithibitisha jina Alpinia, ambalo Mfaransa Charles Plumier alikwisha kulitunga, kwa kundi la mimea ya jamii ya tangawizi ambalo halikuwa kiini cha kazi yake ya Misri. Mbuyu nao, tunda lililofika Padua kwa jina la wachuuzi wa Kairo, aliuita Adansonia, kwa heshima ya Michel Adanson, Mfaransa aliyekwenda Senegal mwaka 1749, akasimama chini ya mti wenyewe na kuupima. Adanson alikuwa ameona kile ambacho Alpini hakukiona. Lakini hakuipokea heshima hiyo: alishikilia kwamba mti uitwe kwa jina ulilokuwa nalo tayari, na katika kitabu chake cha mwaka 1763 aliuandika Baobab.